Je, wajua kwa nini serikali ya Marekani ilikatazwa kupatana bei ya dawa?

Anayenunua kwa jumla hupunguziwa bei. Hilo hata mtoto anayetumwa dukani analijua. Sasa mfikirie mnunuzi wa dawa mwenye wagonjwa makumi ya mamilioni nyuma yake, ambaye sheria inamwambia: kuhusu bei, usifungue mdomo.

Mnunuzi huyo ni Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea na baadhi ya watu wenye ulemavu, iliyoanzishwa mwaka 1965. Mwaka 2003 bima hiyo iliongezewa mpango wa kulipia dawa za kutumia nyumbani. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kifupi kinachomkataza waziri wa afya kuingilia mazungumzo ya bei kati ya watengenezaji wa dawa na kampuni binafsi za bima zinazoendesha mpango. Kila kampuni ya bima ilipatana kivyake, na serikali, mlipaji mkuu, ikakaa pembeni. Cha kushangaza, serikali hiyohiyo, kupitia idara inayowatibu wanajeshi wastaafu, ilikuwa ikipata dawa zilezile kwa bei ya chini zaidi.

Wengi wetu jibu la haraka ni moja: wabunge walihongwa. Ingekuwa rahisi hivyo, polisi wangetosha. Sehemu kubwa ya kilichotokea ilikuwa halali kabisa. Katiba ya Marekani inampa kila mtu haki ya kuipelekea serikali malalamiko na maombi yake, na haki hiyo haibagui mkulima wa Iowa na kampuni ya mabilioni. Tangu 1995 sheria inamtaka mshawishi wa kulipwa, yaani anayelipwa kuwashawishi wabunge na serikali kwa niaba ya wengine, ajiandikishe, amtaje anayemlipa na aseme ni kiasi gani, na yeyote anaweza kuzisoma taarifa hizo. Washawishi waliosajiliwa mjini Washington wamepita 12,000, wakati wabunge na maseneta wote ni 535. Sekta ya dawa na bidhaa za afya peke yake, katika miaka ya karibuni, imekuwa ikitumia zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka.

Fedha hizo hununua watu hasa: mawakili, wachumi, na waliokuwa wasaidizi wa wabunge, wanaojua kifungu fulani kitajadiliwa chumba gani na siku gani. Msaidizi wa mbunge ana miswada kumi mezani na muda hana. Anayemletea takwimu zilizokwisha pangwa na maneno ya kifungu yaliyokwisha andikwa amemrahisishia kazi, na amepata alichokuja kutafuta.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba 2003 unaonyesha mambo yalivyokwenda. Baraza la Wawakilishi lilianza kuupigia kura muswada wa mpango ule wa dawa karibu saa tisa usiku. Kwa kawaida kura ya namna hiyo huachwa wazi kwa dakika 15. Dakika 15 zikaisha, muswada unashindwa, na uongozi wa chama cha Republican ukakataa kufunga kura. Ikaachwa wazi karibu saa tatu nzima. Waziri wa afya mwenyewe alikuwa ukumbini akizunguka kati ya wabunge, na Rais George W. Bush alikuwa akiwapigia simu. Kulipokaribia kupambazuka wachache walibadili msimamo, muswada ukapita kwa 220 dhidi ya 215. Mwaka uliofuata kamati ya maadili ilimkemea kiongozi wa wabunge wa Republican, Tom DeLay, kwa kumwahidi mbunge mwenzake kwamba angemuunga mkono mwanawe katika uchaguzi endapo angebadili kura.

Mengine yalijulikana baadaye. Mtaalamu mkuu wa hesabu za Medicare, Richard Foster, alikuwa amekadiria kwamba mpango ungegharimu zaidi ya dola bilioni 500 kwa miaka kumi, huku wabunge wakiambiwa ni takriban bilioni 400. Alionywa kwamba akiwapa wabunge hesabu zake atapoteza kazi. Naye Billy Tauzin, mwenyekiti wa kamati iliyoushughulikia muswada, alitoka bungeni Januari 2005 akaenda moja kwa moja kuongoza PhRMA, jumuiya ya kampuni za dawa. Taratibu za wakati huo hazikumzuia kuchukua nafasi hiyo. Hapo ndipo neno “halali” linaponikaa vibaya kooni.

Na vyombo vya habari? Turudi nyuma miaka kumi. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alitaka kila Mmarekani awe na bima ya afya. Jumuiya ya kampuni za bima ikatengeneza matangazo ya televisheni: mume na mke, Harry na Louise, wamekaa mezani jikoni, karatasi mbele yao, wakilalamika kwamba wakubwa watawachagulia bima na wao ndio watakaoumia. Wote wawili walikuwa waigizaji. Matangazo hayo hayakurushwa kila mahali, lakini Hillary Clinton alipoyashambulia hadharani, taarifa za habari zikayarudia bila kulipwa hata senti, na nchi nzima ikawajua Harry na Louise. Septemba 1994 mpango wa Clinton ulikufa bungeni.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, tofauti inaonekana. Unapotaka kuzuia jambo, kelele inakusaidia, maana mbunge huogopa wapiga kura wenye hofu. Unapotaka kupitisha kifungu, unaomba kimya na kurasa nyingi. Waandishi wa habari wanaifuata kelele, ndiyo kazi yao. Isitoshe, Marekani ni moja ya nchi mbili tu tajiri, nyingine ikiwa New Zealand, zinazoruhusu dawa za daktari kutangazwa moja kwa moja kwa wananchi, na mapumziko ya taarifa ya habari ya jioni yamejaa matangazo hayo. Sisemi mhariri hupigiwa simu. Lakini anajua fedha zinatoka wapi.

Mwaka 2009 Harry na Louise walirudi kwenye televisheni, waigizaji walewale, safari hii wakiunga mkono mageuzi ya bima ya afya ya Rais Obama. Miongoni mwa waliolipia alikuwa PhRMA, ambayo ilikuwa imekwisha kupatana na Ikulu kuhusu mipaka ya kile ambacho kampuni zake zingepoteza.

Kifungu cha 2003 kililegezwa Agosti 2022, kwa sheria iliyopita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais Kamala Harris. Kampuni za dawa zilikimbilia mahakamani. Dawa kumi zilichaguliwa kwanza ili serikali ipatane bei zake. Januvia, ya kisukari, ilikuwa na bei rasmi ya dola 527 kwa siku 30; bei iliyopatanwa, kuanzia 1 Januari 2026, ni dola 113.

Ushawishi haujalala. Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi, na mabishano mengi yalikuwa juu ya kodi na bima ya watu maskini. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachopanua orodha ya dawa za magonjwa adimu ambazo serikali bado hairuhusiwi kuzipatania bei.