Kwa nini meya wa West Midlands alishinda kwa asilimia 37.8 tu?

Je, wajua kwamba katika uchaguzi wa meya wa West Midlands, Uingereza, mwaka 2024, zaidi ya wapiga kura sita katika kila kumi hawakumchagua aliyetangazwa mshindi, na bado ushindi wake ulikuwa halali kabisa?

Kanda hiyo ina halmashauri saba, zikiwemo Birmingham, Coventry na Wolverhampton. Zote zina meya mmoja wa kanda, anayesimamia mambo kama usafiri, nyumba na mafunzo ya ufundi. Andy Street wa chama cha Conservative alikikalia kiti hicho tangu kilipoanzishwa mwaka 2017. Mei 2024 alipambana na Richard Parker wa Labour, na mambo yakawa magumu hadi kura za Coventry zikahesabiwa upya. Mwishowe Parker alipata 225,590, Street 224,082. Kura 1,508 tu, kati ya karibu 597,000!

Jibu la swali letu limo katika sheria. Zamani karatasi ya kura ilikuwa na safu mbili: chaguo la kwanza na chaguo la pili. Asipopatikana wa kuvuka nusu, walibaki wawili wa juu, na waliochagua wengine wakatazamwa chaguo lao la pili. Street mwenyewe alinufaika na utaratibu huo: mwaka 2017 alianza na asilimia 41.9, akamaliza na 50.4.

Kisha sheria ya uchaguzi ya mwaka 2022, iliyopitishwa na serikali ya chama chake, ikaifuta safu ya pili. Hoja ilikuwa kwamba kuweka alama moja ni rahisi na hupunguza kura zinazoharibika. Tangu hapo anayeongoza ndiye mshindi, hata akiwa mbali na nusu.

Kwa maoni yangu urahisi huo umenunuliwa ghali. Wagombea wengine wanne walizoa kura zipatazo 147,000, karibu mara mia ya ile tofauti ya wawili wa juu. Akhmed Yakoob, mgombea binafsi aliyeibeba kwa nguvu ajenda ya Gaza, peke yake alipata 69,621. Watu hao wote walijihimu kwenda kituoni (na wengi hawakwenda, maana waliojitokeza ni takriban watatu katika kila kumi), lakini hawakuulizwa: kati ya Parker na Street, mnamtaka nani?

Pengine wapiga kura wa Reform, chama cha mrengo wa kulia, wangeegemea kwa Street, na wa Green, chama cha mazingira, kwa Parker. Lakini karatasi hazikuwa na pa kuandika hilo, hivyo hakuna hesabu inayoweza kulithibitisha. Mwaka 2025 serikali ya Labour ilipeleka bungeni muswada wa kuirudisha safu ya pili katika chaguzi za mameya.