Sifuri ya Jack Morris ilivyojengwa

Mrushaji wa besiboli akimaliza mchezo mzima bila wapinzani kupata pointi, watu hudhani hakuna aliyeweza kuupiga mpira wake. Ninafundisha warushaji, na hilo ndilo wazo la kwanza ninalolazimika kuling'oa vichwani mwao. Ushahidi wangu ni mchezo wa saba wa fainali ya Marekani ya 1991, Minnesota Twins dhidi ya Atlanta Braves, uliochezwa Minneapolis tarehe 27 Oktoba. Kila timu ilikuwa imeshinda michezo mitatu. Jack Morris wa Minnesota, mwenye miaka 36, alirusha vipindi vyote kumi, mipira 126. Atlanta walipata mapigo safi saba, yaani yaliyomfikisha mpigaji kituoni. Pointi hawakupata hata moja.

Upande wa pili alisimama John Smoltz, kijana wa miaka 24 aliyekulia Michigan akimhusudu huyohuyo Morris enzi zake katika timu ya Detroit. Naye alirusha vizuri mno, na hadi kipindi cha nane ilikuwa bila kwa bila.

Hapo ndipo penye somo. Kumbuka kwamba mpigaji huzunguka vituo vinne, na akifika cha mwisho, nyumbani, timu yake hupata pointi; watatu wakitolewa, zamu ya timu hiyo kupiga imekwisha. Lonnie Smith wa Atlanta alikuwa kituo cha kwanza, akaanza kukimbia mrushaji aliporusha. Terry Pendleton akaupiga mpira mbali hadi ukutani. Mkimbiaji yeyote angefika nyumbani. Lakini Chuck Knoblauch na Greg Gagne, walinzi wa katikati, waliigiza kana kwamba mpira umepigwa chini na wanaudaka. Smith akasita kituo cha pili, akitafuta mpira ulipo. Aliishia cha tatu.

Hata hivyo hali ilikuwa mbaya: wakimbiaji kituo cha pili na cha tatu, hakuna aliyetolewa. Silaha kuu ya Morris ilikuwa mpira unaozama ghafla unapomkaribia mpigaji, ambao hupigwa chini mara nyingi. Ron Gant akaupiga chini kuelekea kituo cha kwanza, akatolewa, na wakimbiaji hawakusogea. Kisha Minnesota wakampa David Justice kituo cha kwanza bure, kwa makusudi.

Mtazamaji mgeni huona huo ni wazimu. Sababu ni hii: kituo cha kwanza kikiwa tupu, mkimbiaji wa kituo cha tatu halazimiki kukimbia, na ili kumtoa lazima umguse na mpira. Vituo vyote vikijaa, mpira ukipigwa chini kila mmoja analazimika kusogea. Mdakaji anakanyaga tu kituo cha nyumbani akiwa na mpira mkononi, mtu katoka. Sid Bream akaupiga chini kwa Kent Hrbek, Hrbek akamtupia mdakaji Brian Harper nyumbani, Harper akaurudisha kwa Hrbek. Wawili wametoka kwa pigo moja, kipindi kimekwisha. Naweza kuitazama hesabu ile kila siku nisichoke.

Atlanta walitumia mbinu ileile dakika chache baadaye, ikawafaa: vituo vikiwa vimejaa, Hrbek aliupiga mpira moja kwa moja mikononi mwa Mark Lemke, naye akawatoa wawili.

Kipindi cha kumi wakairudia. Dan Gladden alikuwa amefika kituo cha pili kwa pigo lililovunja gongo lake, Knoblauch akamsogeza hadi cha tatu kwa mguso mwepesi wa kujitoa mhanga, yeye mwenyewe akatolewa. Atlanta wakawapa Kirby Puckett na Hrbek vituo bure. Kwa kuwa mpira wa juu wa mbali, hata ukidakwa, ungetosha kumleta Gladden nyumbani, walinzi wa nyuma nao walisogea karibu. Gene Larkin, aliyeingizwa kupiga, hakuupiga chini. Aliuinua juu ya vichwa vya walinzi hao, mahali ambapo kwa kawaida wangekuwa wamesimama. Gladden akatembea hadi nyumbani: 1–0, na ubingwa ukaenda Minnesota.