Mguu wa ndege usiopona: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mbwa akiumia unyayo, hulala. Paka hujikunja kwenye kiti siku tatu, akainuka amepata nafuu. Ndege wa tunduni hana nafasi hiyo. Hula amesimama, huimba amesimama, na usiku hulala amesimama juu ya kidonda chake. Miguuni mwake mna kano ambazo, akichutama juu ya kijiti, hujivuta na kuvifunga vidole, ndiyo maana haanguki usingizini. Mpango mzuri kabisa mpaka siku unyayo unapoanza kuuma.

Nina kokatieli dume, kasuku mdogo mwenye kishungi, na karibu miaka mitatu ya maisha yetu pamoja imekwenda kwenye nyayo zake. Mwanzoni niliwauliza wafugaji wenzangu, na kila mmoja alikuwa na jibu. Mengi ya majibu hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, ila imewekwa mahali pasipo pake.

“Kijiti laini kilichonyooka ndicho salama”

Hili ndilo mama wa mengine yote, maana tundu lenyewe huuzwa na vijiti viwili vya namna hiyo: vimechongwa vizuri, unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfugaji anaona havina miiba wala mikwaruzo, anaridhika.

Shida iko kwenye huo usawa. Vidole hushika vilevile kila saa, na uzito wote huangukia sehemu ileile ya unyayo mchana na usiku. Porini ndege huruka, hutua tawi nene, kisha jembamba, kisha lililoinama, na kila mara mguu unakanyaga kwa namna nyingine. Tunduni hakuna hayo. Ngozi inayokandamizwa bila kupumzika hukosa damu ya kutosha, hukonda, mwisho hupasuka.

Utazame kwa karibu unyayo wa kasuku mwenye afya: una chembechembe ndogo zilizopangana kama shanga. Dalili ya kwanza ya maradhi ni chembechembe hizo kulala. Panabaki pahali bapa, pekundu kidogo, panapong'aa kama pamepakwa mafuta. Hakuna kidonda, hakuna damu, na ndege hachechemei. Hatua hii wengi tunaipita bila kuiona, nayo ndiyo pekee ambayo mara nyingi hutengemaa kwa kubadilisha vijiti na chakula tu. Ngozi ikishapasuka, bakteria huingia, mara nyingi *Staphylococcus aureus*, ambaye kwa kawaida hukaa juu ya ngozi bila kumdhuru mtu. Kuanzia hapo kazi ni ya daktari.

Kinachofaa ni matawi ya asili yenye unene tofauti, kutoka mti usio na sumu na usiopuliziwa dawa, yakasuguliwa na kukaushwa vizuri. Kipimo changu ni vidole: ndege akishika, vizunguke tawi kiasi cha theluthi mbili au zaidi kidogo, lakini kucha zisikutane upande wa pili. Weka pia ubao bapa ambao anaweza kusimama bila kushika chochote. Ndege mwenye nyayo mbovu atauhamia ubao huo mwenyewe.

Halafu kuna vile vifuniko vya msasa vya kuvisha kijiti, eti vinanoa kucha. Jaribu wewe kutembea peku juu ya msasa mwaka mzima. Ncha ya ukucha haigusi kijiti sawasawa. Kinachosuguliwa ni unyayo. Vya kwangu nilivitoa siku ile nilipopitisha kidole juu yake.

“Kumkagua lazima umshike”

Ndiyo maana wengi hawakagui. Kumkamata ndege kila wiki ni vita, na ukimbana kifua unaweza kumwua, kwa sababu hana kiwambo kama chetu. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Mimi humwingiza kwenye boksi la plastiki linaloonyesha, ninaliinua juu ya kichwa changu, na ninapiga picha ya nyayo kutoka chini kwa simu. Nusu dakika imetosha. Faida ya picha ni kwamba macho husahau. Jumamosi hii unaapa doa limekua, ukilinganisha na la mwezi uliopita unakuta ni lilelile, au kinyume chake.

“Kuna usaha humo, ukamue”

Hapana, hata kama unatamani. Usaha wa ndege hautiririki kama wetu. Chembe zao nyeupe za damu hazina kimeng'enya ambacho kwa binadamu na wanyama wanyonyeshao huyeyusha usaha ukawa majimaji. Kwa hiyo ndani ya uvimbe wa unyayo mna donge gumu, rangi ya maziwa au manjano, lililo kama jibini kavu. Ukilibana halitoki. Unalisukuma ndani zaidi, kuelekea kwenye kano na mfupa, ambavyo kwenye mguu wa ndege viko karibu mno, kwani chini pale hakuna nyama ya kutajika.

Donge hilohilo linaeleza kwa nini dawa peke yake mara nyingi hushindwa. Antibiotiki husafiri na damu, na katikati ya donge hakuna damu. Ndiyo maana uvimbe hupungua, mwenye ndege anafurahi na kuacha dawa, na baada ya wiki chache unarudi ulipokuwa. Daktari anayejua ndege huweza kuchukua sampuli ili ajue ni dawa gani hasa inayomwua bakteria huyo, kupiga eksirei kuona kama mfupa umeingiliwa, na pengine kufungua uvimbe na kutoa donge lote. Kisha hufunga bendeji yenye umbo la kata, ile ya kubebea mzigo kichwani, ili uzito ukae pembeni na kidonda kibaki hewani. Bendeji hubadilishwa tena na tena. Hesabu wiki nyingi, na kwa wengine miezi. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani ninatafutiwa sababu ya kulipa zaidi. Sikuwa sahihi.

“Dawa ya nyumbani kidogo tu haina neno”

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ndege hufa.

Krimu za ngozi zenye steroidi, zile tunazopaka kila kinachowasha, hupenya ngozi ya ndege na kushusha kinga ya mwili wake mzima. Unampaka kwenye kidonda chenye bakteria dawa inayowafungulia bakteria mlango. Marhamu yenye mafuta mengi nayo huhama kutoka mguuni hadi kwenye manyoya, na manyoya yaliyolowa mafuta hayahifadhi joto. Isitoshe, chochote unachompaka atakimeza. Ndege hujisafisha kwa mdomo.

Dawa za maumivu ni hatari zaidi. Katika miaka ya 1990 tai mzoga wa India, Pakistani na Nepali walianza kufa kwa mamilioni, wakipasuliwa wanakutwa figo zimeharibika na viungo vya ndani vimefunikwa unga mweupe wa asidi ya yuriki. Mwaka 2004 chanzo kikajulikana: diklofenaki, waliyoila kwenye mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo. Mwaka 2006 nchi hizo zilianza kuizuia kwa matumizi ya mifugo. Diklofenaki ndiyo iliyomo kwenye jeli nyingi za kuchua mgongo zilizoko majumbani. Kasuku wako si tai, lakini sioni sababu ya kufanya majaribio. Dawa za maumivu zinazofaa ndege zipo, na dozi yake hupimwa na daktari kwa gramu za mwili.

“Kazaliwa kula mbegu, apewe mbegu”

Mbegu tupu zina mafuta mengi na karibu hazina vitamini A. Vitamini hiyo ndiyo inayoifanya ngozi iwe imara na laini. Ikikosekana, ngozi ya unyayo hukauka, hukakamaa na kupasuka kirahisi, na wakati huohuo mafuta ya mbegu yanamwongezea ndege uzito juu ya ngozi hiyohiyo. Maradhi yanatoka pande mbili, na yote yamo kwenye kibakuli kimoja.

Karoti, viazi vitamu, pilipili hoho nyekundu na mboga za majani yenye kijani kilichokolea hutoa karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Usikimbilie matone ya vitamini yenyewe: ikizidi huwa sumu. Wangu alizitazama karoti kwa dharau karibu miezi miwili. Siku moja nilizikwaruza na kumwagia juu ya mbegu zake, akawa hana budi kuzigusa ili afike chini. Hivi sasa huzila kwanza.

“Anachechemea, basi amevunjika”

Huenda. Lakini kwa baji, wale kasuku wadogo asili yao Australia, mguu mmoja unaolegea taratibu bila ajali yoyote unaweza kuwa ni uvimbe kwenye figo. Neva ya mguu hupita pale figo ilipo, na uvimbe ukikua huibana. Hapo unaweza kubadilisha vijiti mpaka uchoke. Mguu hauna kosa. Madini ya risasi na zinki, yanayotokana na waya wa bei rahisi au kengele za kuchezea zinazotafunwa, pia hulegeza miguu, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Lipo pia jongo, au gauti kama wengi wanavyouita. Asidi ya yuriki ambayo figo zimeshindwa kuitoa hujikusanya kwenye viungo vya vidole, ikaonekana kama vipele vyeupe chini ya ngozi. Mtu hudhani ni usaha, anachoma kwa sindano. Ni maumivu makali kwa ndege, na huvuja damu vibaya.

Kumbuka pia kwamba mguu mmoja ukiuma kwa sababu yoyote, mwingine hubeba mzigo wote. Wa kwangu alianza kushoto. Wa kulia uliota wekundu baadaye, wakati macho yangu yote yalikuwa upande mmoja.

“Magamba mazito ni uzee tu”

Miguu ya ndege mzee hukauka, kweli. Ila ukoko mweupe wenye vitundu kama sega la nyuki, hasa ukianzia pembeni mwa mdomo na kufika miguuni, ni utitiri unaochimba ngozi. Daktari huuua kwa ivermektini, na dozi hurudiwa. Binadamu haambukizwi. Kuubandua ukoko kwa ukucha kunaacha kidonda na utitiri ukiwa palepale.

“Asipolia, haumwi”

Ndege huficha ugonjwa, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu huliwa kwanza. Kusimama kwa mguu mmoja akiwa amejituliza, manyoya yamefura na macho yamelegea, ni mapumziko ya kawaida, wala usihangaike. Cha kutazama ni kubadilishana: je, anapokezanya miguu, au ni huohuo mmoja unaoinuliwa kila mara? Je, akitua huegemea kwa tumbo? Ameacha kupanda pembe ya tundu aliyoipenda? Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja hukwambia mapema kuliko macho, ukimpima kila asubuhi kabla hajala.

Na kucha: hukatwa, lakini kidogo kidogo. Baji wa gramu 35 ana damu kama mililita 3.5 mwili mzima. Matone saba manane ni sehemu kubwa ya damu hiyo. Kuwe na wanga wa mahindi karibu wa kubandika kwenye ukucha ukichuruzika.

“Mguu usiopona ni mwisho wa ndege”

Ilinichukua muda kuliacha hili. Nyayo nyingine hazirudi zilivyokuwa. Kovu hubaki, kiungo hukakamaa, na ukilegeza uangalizi wekundu hurejea. Lakini ndege hajui kwamba anapaswa kuwa na miguu mizuri. Anataka kufika kwenye maji, kwenye chakula, na pale anapoona dirisha.

Kwa hiyo tundu ndilo lililobadilika. Vijiti vyote vimeshuka, ili akianguka asianguke mbali. Ngazi imeunganisha ghorofa mbili. Vibakuli viko pande mbili za ubao uleule. Vijiti viwili nimevizungushia bendeji ile inayojishika yenyewe, na huibadilisha ikichafuka, maana kitambaa chenye kinyesi kinarudisha bakteria walewale. Nyuzi zinazoning'inia huzikata papo hapo. Uzi mmoja ukijifunga kwenye kidole hukata damu na kidole hufa. Pete ya mguuni aliyokuja nayo aliitoa daktari, kwa sababu ilikuwa ikibana mguu ulipovimba. Usijaribu kuikata kwa koleo nyumbani. Mguu wa ndege ni mwembamba kuliko unavyodhani.

Usiku hulala kwenye kona ya ubao, juu ya taulo iliyokunjwa, tumbo limegusa chini, jambo ambalo wageni hunitajia wakidhani anakufa. Picha ya Jumamosi iliyopita inaonyesha doa bapa kwenye unyayo wa kushoto, ukubwa wa punje ya dengu, halina wekundu. Mwezi uliopita lilikuwa hivyohivyo.