Ngazi ya 3 ya hatari ya maporomoko ya theluji maana yake nini?

Neno maporomoko tunalitumia kwa maji na kwa udongo, na ya theluji nayo yana tabia yake. Wengi hudhani theluji huporomoka kwa kuwa imezidi. Wingi unachangia, lakini la kuuliza kwanza ni imekalia nini.

Jaribu jikoni. Chukua ubao wa kukatia mboga, unyunyizie sukari, laza kitabu juu yake, kisha inua upande mmoja taratibu. Kitabu kinatulia, kinatulia, halafu ghafla kinaondoka chote kwa mkupuo. Mlimani, sukari hiyo ni tabaka dhaifu: chembe za theluji kuukuu zilizopigwa na baridi kwa wiki kadhaa zikaacha kushikana. Ukizichota kiganjani zinapukutika hivyohivyo kama sukari. Kitabu ni theluji mpya ya dhoruba iliyoshikamana ikawa bamba. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo hasa inayoachia.

Dhoruba hailingani na theluji inayoanguka kwa utulivu, kwa sababu ya upepo. Upepo unaikwangua theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, uliokingwa, kwa hiyo kipimo cha bondeni hakikwambii kilichorundikana huko juu. Kijiji cha Galtür nchini Austria kilipata dhoruba mfululizo mapema mwaka 1999, theluji ikafika karibu mita 4. Tarehe 23 Februari mlima ukaachia, watu 31 wakafa, wengine wao mahali palipohesabiwa kuwa salama.

Ulaya hatari hii hutangazwa kwa ngazi 5. Ya 5 hutangazwa kwa nadra, na ikifika hapo barabara hufungwa na watu hubaki ndani au huhamishwa. Tatizo ni ya 3. Kwa masikio inasikika kama “wastani”, ipo katikati, basi mtu anavaa skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na kwenda. Lakini katika ngazi hii uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kulifyatua bamba, na watu wengi hufia hapo. Dhoruba imepita, anga ni buluu, theluji haijakanyagwa. Nani atakaa ndani? Mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyelifyatua, yeye au mwenzake.

Mlima wakati mwingine huonya: mvumo mzito chini ya miguu, kama kitu kinachokaa chini kwa kishindo, au ufa unaokimbia mbele ya skii. Hapo rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Aliyefukiwa ana nafasi nzuri akichimbuliwa ndani ya dakika 15 hivi za kwanza. Baada ya hapo inashuka kwa kasi, maana theluji iliyosimama hukaza na hewa huisha. Helikopta mara nyingi hufika dakika hizo zimekwisha, kwa hiyo kila mmoja kundini hubeba koleo lake mgongoni, pamoja na fimbo ndefu ya kudunga thelujini kumtafuta aliyefukiwa na kifaa cha kutoa ishara kilichofungwa kifuani, chini ya koti.