Pango la popo na pango la nyumba: linki za matangazo ndani ya maandishi

Juzi tena, hapa Ngamiani, Tanga, kijana kanisogezea simu yake: "Dada, nimeweka linki arobaini kwenye ukurasa mmoja, mbona hela haiingii?" Huyo ni wa tatu tangu mfungo uishe. Wote watatu wanaamini kwamba linki ndiyo inayolipa, kwa hiyo ukizidisha linki umezidisha pesa. Jamani, linki hailipi! Anayelipa ni mfanyabiashara, na analipa pale msomaji wako anapofanya jambo: kubofya, kujiandikisha au kununua, kutegemea mkataba uliokubali bila kuusoma.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Ameyaandika Mapango ya Amboni kama mtu aliyeingia kwa miguu yake: mawe ya chokaa, popo, giza linalokufanya umshike mwenzio mkono. Kisha akaweka programu-jalizi, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye tovuti, inayogeuza kila neno "pango" kuwa linki ya tovuti ya nyumba za kupanga, maana pango ni kodi ya nyumba pia. Nikagusa "pango" katika sentensi ya popo, nikaletewa vyumba viwili na sebule.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Enzi za kampuni za matangazo kama Vibrant Media, Kontera na Infolinks, neno lilipigwa mistari miwili chini, na ukipitisha kishale juu yake kinachomoza kisanduku cha tangazo kinachoziba sentensi unayoisoma. Watu walivichukia visanduku vile. Leo wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, hakuna kishale, kuna kidole gumba. Kidole kinatelezesha ukurasa, kinagusa linki kwa bahati mbaya, msomaji anarudi nyuma amekasirika. Mibofyo inapanda, mauzo hayapo.

Mengine nayapitia haraka. Usijibofyee matangazo yako wala usimtume shangazi akubofyee. AdSense, mtandao wa matangazo wa Google, watafunga akaunti. Linki ya kulipwa iwekee kwenye msimbo wake alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba linki hiyo imelipiwa, ambayo Google waliileta 2019; alama ya zamani, nofollow ya 2005, nayo bado inakubalika.

Ninapotaka tukae ni hapa: msomaji anawaza nini anapofika kwenye neno lile? Kwenye popo anashangaa, mwache ashangae. Lakini akifika kwenye sentensi isemayo mapango yako kilomita kama nane kutoka mjini, ameanza kupanga safari: atalala wapi, ataondoka saa ngapi. Hapo linki moja ya nyumba ya wageni ina kazi. Na maneno utakayoyapigia mstari yaseme anakokwenda. "Bofya hapa" haimwambii kitu. "Vyumba vya kulala Raskazone" inamwambia, na atakayegusa amegusa kwa kutaka.

Piga na hesabu kabla ya kuchagua mfanyabiashara. Kitabu cha dola 20 kwenye duka la mtandaoni la Amazon, kwa kamisheni ya asilimia 4.5, kinakupa senti 90, na msomaji anatakiwa akitie kwenye kikapu ndani ya saa 24 tangu abofye. Usipopata mauzo matatu ndani ya siku 180, wanakuondoa kwenye mpango wao wa kamisheni. Msomaji wako wa Chumbageni ataagiza kitabu Marekani, alipie na usafiri? Mtafutie kitu anachoweza kukinunua.

Liko jambo ambalo bado linanisumbua: kumwambia msomaji waziwazi kwamba linki inanilipa. Ni haki yake, sina ubishi. Lakini je, inapunguza mibofyo? Kwenye kurasa zangu nimeiweka taarifa hiyo juu, nikaihamishia chini, nikairudisha juu. Matokeo yakapanda na kushuka bila mpangilio, na wasomaji wangu ni wachache mno kunipa jibu. Nimeiacha juu kwa kumheshimu msomaji, hesabu haijaniambia lolote.

Na yule kijana tuliifuta programu-jalizi palepale, tukabakiza linki moja, kwenye ile sentensi ya kilomita. Juu ya ukurasa akaandika mwenyewe: "Ukichukua chumba kupitia linki iliyomo humu, mimi napata kamisheni." Akaniuliza kama watu hawatamkimbia. Nikamwambia aiache mwezi mzima bila kuigusa, kisha aniletee takwimu tuzisome pamoja.