Ushirikishwaji wa raia ni nini, na kwa nini liste ya mkutano si karatasi ya kukubali

Tuanze na kitu kinachochanganya watu wengi hapa Lushi (Lubumbashi, Kongo): ushirikishwaji wa raia si kura. Hakuna mtu atakuja kuhesabu mikono halafu aseme wengi wamekataa, basi mradi umekufa. Ni kanuni inayosema kwamba kabla Leta (serikali) haijatoa ruhusa ya kazi inayoweza kugusa maji, hewa, mashamba ao afya ya watu (mgodi, kiwanda cha asidi, stesheni ya mafuta, konsesio ya miti, na vingine vya namna ile), wale wanaoishi pale lazima wajulishwe, wapate nafasi ya kusema, na walichosema kiandikwe na kimfikie yule anayetia sahihi kwenye ruhusa. Sisi tunapigania sana ile nafasi ya kusema, mtu anasimama anaongea kwa hasira nusu saa nzima watu wanapiga makofi, lakini kuandikwa tunakusahau, na mimi naona njo hapo tunapoteza kila mara. Neno ambalo halikuandikwa, kwa mtu wa biro kule Kinshasa halikusemwa.

Hii si zawadi ya sosiete (kampuni) wala wema wa mukubwa fulani. Iko kwenye sheria. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi yanayofaa kwa maisha yake. Halafu ikaja sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 kuhusu mazingira, na mule ndani kifungu cha 24 ndicho watu wa kartie (mtaa) wangepaswa kukijua kwa kichwa: mradi wowote unaoweza kugusa mazingira lazima utanguliwe na anketi ya hadhara, yaani uchunguzi unaofanywa mbele ya watu wote. Na kifungu chenyewe kinaeleza anketi ile ni ya nini. Ya kwanza, kujulisha watu, hasa wenyeji wa pale. Ya pili, kukusanya habari kuhusu haki ambazo watu wengine wanaweza kuwa nazo juu ya eneo lile (nani ana shamba, nani ana makaburi ya wazee wake, nani anachota maji wapi). Ya tatu, kukusanya maoni, mapendekezo na hata mapendekezo ya kupinga, ili mwenye kuamua awe na mambo yote mbele yake.

Soma tena pale kwenye mapendekezo ya kupinga. Sheria haikukuita uje useme tu ndiyo ao hapana, imekupa haki ya kusema "sikubali basini la maji machafu liwekwe pale, liwekeni upande ule mwingine, na sababu ni hii". Kuna watu wanadhani kuongea hivyo ni uasi ao ni siasa, kumbe ni sheria yenyewe imekuita.

Wazazi wetu walikuwa wanajua kitu kinaitwa komodo-inkomodo. Kilikuwepo toka wakati wa Wabelgiji, ordonansi ya 1953 juu ya viwanda vya hatari, vichafu ao vya kusumbua majirani: mtu akitaka kufungua kiwanda, tangazo linabandikwa, majirani wanaulizwa kama kitawasumbua. Siku hizi vitu vile vinafuata dekre ya 2013 kuhusu instalasio zilizopangwa kwa madaraja. Kwa hiyo hata kama wewe hukai karibu na mgodi, unakaa tu Katuba ao Kamalondo na jirani anataka kuweka pompi za mafuta nyuma ya palseli (kiwanja) yako, wewe ni mtu wa kuulizwa. Wengi wanajua habari siku wanaona kamio (lori) inamwaga mchanga.

Sasa tuje kwenye migodi, maana hapa kwetu njo chakula na njo kilio. Kwa kodi ya migodi (kodi hapa ni kitabu cha sheria, si ushuru) ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, sosiete haiwezi kupata permi (leseni) ya kuchimba bila kufanya etidi (uchunguzi) ya matokeo kwa mazingira na kwa jamii, ile watu wa kazi wanaita EIES, pamoja na mpango wa namna ya kusimamia uharibifu. Etidi ile inaenda kuchunguzwa na Agence Congolaise de l'Environnement (ACE) pamoja na watu wa mazingira wa wizara ya migodi, na ikikubaliwa sosiete inapewa sertifika ya mazingira. Kule ndani ya EIES lazima kuonekane kwamba wenyeji walishauriwa: nani, siku gani, walisema nini, sosiete ilijibu nini. Na permi yenyewe ya kuchimba ni ya miaka 25, inaweza kuongezwa. Miaka 25! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, permi ingali inafanya kazi. Kwa hiyo ule mkutano wa saa mbili chini ya hema si kitu kidogo, hata kama unaonekana ni kitu kidogo.

Tuuangalie kwa karibu ule mkutano. Unafika, mlangoni kuna kijana na meza, juu ya meza kuna karatasi yenye mistari: jina, kazi, kartie, namba ya simu, sahihi. Unaandika, unatia sinyatire, unapewa maji ya chupa, mwishoni pengine pesa kidogo ya transpo. Mbele mtu anaonyesha picha kwenye ukuta, anaongea Kifaransa cha maneno makubwa, shefu wa kartie anatafsiri kwa ufupi sana (dakika kumi za Kifaransa zinakuwa sentensi mbili za Kiswahili, na zote mbili zinasema kutakuwa na kazi). Halafu maswali. Vijana wanauliza kazi ngapi, mama wanauliza hospitali, papa mmoja anauliza barabara, na saa imeisha. Yote ni maswali ya haki, sikatai, lakini hakuna aliyeuliza maji machafu yatapita wapi. Baadaye inaandikwa peve, ripoti ya mkutano, na mule inaweza kusoma "wenyeji waliupokea mradi vizuri", na nyuma yake imeshonwa ile liste ya sahihi zenu. Yule anayesoma kule mbali anaona majina mia moja na ishirini chini ya maneno yale, atajuaje kwamba mlikuwa mnatia sahihi kuonyesha tu kwamba mmefika?

Liste ya waliofika ni ushahidi kwamba ulifika, basi. Si mkataba. Lakini usimwachie mwingine aelezee hivyo kwa niaba yako. Juu ya karatasi ile soma kichwa cha habari kabla ya kuandika jina, na kama hakuna kichwa, kiombe kiandikwe. Kando ya sahihi yako hakuna mtu anayekukataza kuandika "nimefika, maoni yangu yako kwa barua". Na peve iombeni isomwe kwa sauti mbele ya watu kabla haijafungwa, kwa Kiswahili, maana Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwenye katiba yetu, si lugha ya kuombea msamaha. Kama kuna kitu kimekosewa, kisahihishwe pale pale. Wakikataa, andikeni barua yenu, kopi mbili, moja inabaki kwao, ya pili wanaipiga kashe (muhuri) na tarehe, inarudi kwenu. Ile kopi yenye kashe ina nguvu kuliko hotuba zote za siku ile.

Kitu kingine ni wakati. Kuwaita watu wakati mashine zimeshafika ni sawa na kuita wajomba kwenye mazungumzo ya mahari wakati binti ameshazaa mara ya pili. Lakini kuna udanganyifu mwingine ambao ni wa upande wa pili na watu hawauoni: kuwaita mapema mno, kabla etidi haijaandikwa, wakati hakuna kitu cha kujadili, halafu baada ya etidi kutoka hawaitwi tena. Mnasalimiana, mnaambiwa "tunakuja kuwekeza", mnatia sahihi, mwisho.

Hapo mfano mzuri uko Kenya. Kwenye pwani ya Lamu kulikuwa na mradi wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kikapewa leseni ya mazingira 2016. Wenyeji wakaenda kwenye baraza la rufaa la mambo ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu moja kubwa njo hiyo hiyo: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utangulizi, kabla ya etidi, na baada ya etidi kukamilika watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kujua matokeo yake na kuyajibu. Walioshinda hawakushinda kwa kuwa wengi, walishinda juu waliweza kuonyesha tarehe: mkutano ulikuwa siku ile, etidi ilitoka baadaye, kati ya hapo hakuna kitu. Sheria ya Kenya si yetu, kule ushirikishwaji uko kwenye katiba ya 2010 kifungu cha 10 na mahakama zinaushika kwa nguvu, lakini ile namna ya kufikiri inaweza kusaidia mtu wa Kipushi ao wa Kolwezi pia.

Sasa kuna mikutano ya aina nyingine ambayo watu wanaichanganya na hii: halmashauri za kutoa ushauri. Hizi si za kila mtu, ni watu waliochaguliwa kukaa kwenye meza (wa Leta, wa sosiete sivili yaani mashirika ya raia, wakati mwingine wakuu wa kimila na sosiete zenyewe) na kazi yao ni kutoa maoni kwa waziri ao gavana. Swali la kuuliza kwanza kuhusu halmashauri yoyote ni: maoni yake yanamfunga mwenye kuamua, ao anaweza kuyasoma na kuyaweka kwenye droo? Mara nyingi ni ya droo. Anapaswa kuyaomba, hapaswi kuyafuata.

Lakini si kila mara. Kodi ya misitu ya 29 Agosti 2002 iliunda halmashauri za ushauri za misitu, moja ya taifa na nyingine za majimbo. Kifungu cha 15 kinasema waziri anapotaka kuweka msitu fulani kwenye daraja la forêts classées, misitu inayohifadhiwa, lazima apate maoni ya halmashauri ya jimbo yanayokubaliana naye, yaani bila hayo hawezi kuendelea, na maoni hayo lazima yatokane na kuwashauri kwanza wenyeji wanaoishi kando ya msitu. Hapo mnyororo umefungwa kuanzia kijijini mpaka kwa waziri, karibu kila pete inahitaji ile ya chini yake. Kwangu mimi huu ni mpango bora kuliko ule wa migodi, kwenye karatasi walau.

Nirudi kwenye cha kusema ukipewa nafasi. "Hatutaki" ni neno la haki lakini ni neno jepesi, mtu wa biro anaandika "baadhi ya wenyeji walionyesha wasiwasi" na ameshamaliza. Neno zito ni lile lenye mahali na jambo ndani yake: kisima chetu kiko kati ya shule na ile njia ya kamio, nani atapima maji yake kabla hamjaanza, ili baadaye tujue yamebadilika? Kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo kwetu unatoka kusini-mashariki, mmeweka rundo la vumbi upande gani wa kartie? Basini likipasuka mvua ya mwezi wa kwanza, maji yanaingia mto gani, na wanaolima mboga kando ya mto Kafubu wataambiwa na nani? Maswali ya namna hii yakiingia kwenye peve, anayechunguza etidi lazima aangalie kama yamejibiwa, na kama hayakujibiwa shimo linaonekana.

Na msichanganye ushauri na mambo ya kahiye de sharji. Ile ni hati nyingine, sosiete inaandikishana na jamii juu ya shule, visima, barabara na kadhalika. Kodi ya 2018 inaitaka sosiete itoe pia 0.3% ya mapato yake ya mauzo ya kila mwaka kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya jamii, na 15% ya ada ya madini inakwenda kwa mamlaka za chini (komini, sekta, sheferi), wakati 25% ni ya jimbo, 50% ya serikali kuu na 10% ya mfuko wa vizazi vijavyo. Pesa hizo zinadaiwa kwa sheria hata kama wewe ulipinga mradi mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni kusema "mkileta maswali mengi mtakosa shule", mwambieni kwa heshima kwamba shule iko kwenye kifungu kingine.

Kabla ya mkutano wowote, kuna karatasi za kuomba mapema, kwa barua yenye kashe: muhtasari wa EIES, ramani ya eneo (Cadastre Minier, CAMI, wanayo ya permi zote, mtu anaweza kuangalia permi iko wapi na ni ya nani), na peve za mikutano iliyopita kama ilikuwepo. Baadhi ya biro watakuzungusha, njoo kesho, mkubwa hayuko. Barua yako ya kuomba, hata ikikosa jibu, nayo ni karatasi yenye tarehe.