Ndago kwenye bustani ya ukoka: soma lebo kabla ya kupulizia

Kila masika, pamoja na maswali ya wakulima, kitengo chetu hupokea malalamiko ya wenye nyumba, hoteli na shule. Ukoka umekauka, ndago imesimama. Ukiuliza dawa gani ilitumika, jibu mara nyingi ni "ya ndago", na ilinunuliwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hapo hatuna pa kuanzia.

Kwa hiyo tuanze na mmea wenyewe. Ndago ni wa ukoo wa mafunjo, si wa nyasi. Shika shina lake kwa vidole viwili ulizungushe: lina pembe tatu, na majani yanatoka pande tatu. Shina la ukoka halina pembe hizo. Tunazo aina mbili zinazosumbua zaidi. Moja ina maua ya rangi ya zambarau-kahawia, na viazi vyake chini ya ardhi vimeungana kama mnyororo. Nyingine maua yake yanaelekea manjano, na kila kiazi kinakaa peke yake kwenye ncha ya mzizi. Tofauti hii inahusu pochi yako, kwa sababu dawa ya magugu iitwayo bentazoni, kwa mfano, inaipunguza ile ya manjano lakini kwa ile ya zambarau haina nguvu ya kutosha.

Kuna wanaosema wamemaliza ndago kwa kung'oa. Wamemaliza majani. Kiazi cha juu ndicho kinachovizuia vya chini yake visichipue. Ukikiondoa na kuuacha mnyororo ardhini, vilivyolala vinaamka, na palipokuwa na mche mmoja utahesabu minne. Kung'oa kunafaa ndago ikiwa changa, kabla haijaweka viazi, na kwa mtu atakayerudia bila kuchoka. Chumvi na siki tunaombwa tuvitolee maoni kila mwaka. Chumvi inaharibu udongo. Siki inaunguza majani ya juu, ya ukoka pia.

Dawa zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya pembejeo si zote zinafaa hapa. Glaifoseti haichagui: ndago itaumia, na ukoka utakufa. 2,4-D ni ya magugu ya majani mapana. Inaacha nyasi salama, ni kweli, lakini usiitegemee kuua ndago. Kiambato, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa, kinachochagua vizuri, na kinachofanya kazi kwa aina zote mbili, ni halosalfuroni-methili. Kinazuia kimeng'enya ambacho mmea unakitumia kutengeneza baadhi ya asidi za amino, yaani malighafi ya protini. Ukoka uliokwisha kushika ardhi unakivunjavunja haraka ndani yake, ndago haiwezi. Ukoka uliopandwa juzi usiupulizie.

Kiambato hiki ni cha polepole. Ndago inaacha kukua ndani ya siku chache, inaanza kugeuka manjano baada ya wiki moja au mbili, na kufa kunaweza kuchukua wiki tatu hadi nne. Anayepulizia Jumatatu na kurudi dukani Alhamisi akidai kauziwa feki hajapewa dawa feki, hajasoma lebo. Na anayerudia kupulizia wiki hiyohiyo anapoteza fedha na kuutesa ukoka.

Pulizia ndago ikiwa na majani matatu hadi manane, inakua kwa nguvu, udongo una unyevu. Usifyeke siku mbili kabla wala siku mbili baada, maana dawa inaingilia kwenye majani ndipo ishuke kwenye viazi. Angalia hali ya hewa: mvua isinyeshe kwa saa nne angalau. Viazi vilivyokuwa vimelala vitachipua baadaye, kwa hiyo awamu ya pili ni jambo la kawaida, kati ya wiki ya sita na ya kumi.

Kipimo ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi. Kwa chembechembe zenye asilimia 75 ya kiambato hiki, mita za mraba 100 zinahitaji kiasi kisichofika gramu moja. Kifuniko cha soda si kipimo. Tumia kijiko kinachokuja na dawa au mizani ndogo. Kabla ya hapo weka maji matupu kwenye bomba la kupulizia, pulizia eneo ulilolipima kwa futi kamba, kisha uone maji yaliyotumika. Hicho ndicho kiasi cha maji utakachochanganyia dawa ya eneo hilo. Lebo ikitaka kinatishio, yaani kiongezwa cha kuifanya dawa ishike kwenye majani, nunua kinatishio. Sabuni ya kufulia haijasajiliwa kwa kazi hiyo.

Sasa lebo. Viuatilifu, dawa hizi zikiwemo, vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020. Tafuta namba ya usajili, jina la kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi, na utepe wa rangi unaoonyesha kiwango cha sumu: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Halafu soma sehemu ambayo wengi wanairuka, yaani matumizi yaliyoruhusiwa. Dawa iliyosajiliwa kwa miwa haijawa ya bustani kwa sababu tu ndani kuna kiambato kilekile. Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa, na muuzaji anayekimimina kwenye chupa za vinywaji amevunja sheria hata kama dawa yenyewe ni halali. Anayepulizia kwa malipo anatakiwa awe na kibali. Dai akuonyeshe kabla hajafungua bomba. Kama ni mtunza bustani wako unayemtuma, glavu, buti, barakoa na miwani ni juu yako wewe, si yeye.

Majani yatakayofyekwa baadaye usiwape mbuzi wala ng'ombe. Chombo kikiisha kisuuze mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba, kisha kitoboe.

Ukitaka kulalamika, njoo na chombo chenye lebo, risiti, na tarehe uliyopulizia. Picha ya ukoka uliokauka tutaiangalia, lakini peke yake haitufikishi kwa muuzaji. Chupa isiyo na lebo tutaipokea ili isibaki nyumbani kwako, basi.